Kila Ndege Huruka kwa Ubawa Wake

Mji wa Likasi uko katika nchi ya shaba, jimbo la Haut-Katanga, mwendo wa kilometa kama 120 kutoka Lubumbashi. Tangu zamani vijana wa vijiji vya jirani huenda huko kutafuta mambo mawili, kazi na shule. Wazazi huuza mahindi na makaa, hulipa ada, humsindikiza mtoto mpaka barabarani pamoja na mfuko wake wa unga. Kisha hungoja habari moja tu: “Amekuwa wa ngapi?”

Swali hilo ni fupi, nalo huulizwa kwa mapenzi. Lakini lastahili kuchunguzwa, maana limewatia vijana wengi huzuni ambayo wazazi wao hawaijui asili yake. Je, yafaa mtu ajilinganishe na wenzake? Kufanya hivyo ni dhambi, au ni akili? Na yule aonaye kwamba amepitwa, aifanyie nini huzuni yake? Mkatekumeni ajiandaaye kwa Ubatizo apaswa kulijua jibu, kwa kuwa jambo hili lagusa shule, nyumba na hata darasa la dini.

I. WA KWANZA AWA WA THELATHINI

Uangaliwe mfano huu, ambao walimu wengi wameuona kwa macho yao. Kijana fulani ni wa kwanza katika shule ya kijiji. Wenzake ni ishirini, naye huwashinda wote. Mwalimu humsifu, mama hupiga vigelegele, babu hutoa kuku. Afikapo shule ya sekondari mjini, akuta wanafunzi hamsini katika chumba kimoja, na wengi wao walikuwa wa kwanza huko kwao. Mwisho wa muhula, karatasi yake ya alama, ile wanafunzi wa Kongo waiitayo buletini, yamwonyesha kuwa wa thelathini.

Ni kitu gani kilichobadilika? Akili zake hazikumwagika njiani. Hesabu alizozijua kijijini angali azijua, na tena amejifunza nyingine nyingi. Kilichobadilika ni watu waliomzunguka. Hata hivyo usiku halali vizuri, wala chakula hakimpendezi. Jumatatu asubuhi tumbo lamwuma, Jumapili haliumi. Mwalimu aulizapo, hanyoshi mkono hata akijua jibu. Salamu zikija kutoka kijijini, asikia aibu kana kwamba amewaibia waliomtuma.

Wataalamu wa elimu ya nafsi wamelichunguza jambo hili. Mwaka 1954 Leon Festinger wa Marekani alieleza kwamba mtu hutaka kujua uwezo wake, na akikosa kipimo cha hakika hujipima kwa watu wenzake. Katika miaka ya 1980 Herbert Marsh, aliyefanya kazi Australia, alionyesha kwamba wanafunzi wenye uwezo uleule hujiona duni wakiwekwa kati ya wenzao hodari, na hujiona bora wakiwekwa kati ya wenzao wa kawaida. Aliwafananisha na samaki: samaki yuleyule huonekana mkubwa dimbwini na mdogo ziwani. Basi huzuni ya kijana huyo si ushahidi wa ujinga. Amehamia ziwa pana zaidi, wala hakuna aliyemwambia kwamba huko atajiona mdogo.

Jambo hilo huzidi uchungu mwisho wa mwaka wa shule, siku ya kutangaza matokeo, ambayo watu huiita proklamasio. Majina husomwa mbele ya wazazi, pamoja na alama kwa mia. Dakika ileile mmoja hurushwa juu kwa furaha na mwingine hutafuta mahali pa kujificha. Kadhalika wakati wa mtihani wa Serikali, ulioanzishwa mwaka 1967, ambao hufunga masomo ya sekondari. Waliofaulu humwagiwa pauda nyeupe kichwani, wakapita mitaani wakiimba. Aliyeshindwa huzisikia nyimbo hizo akiwa ndani, mlango umefungwa.

II. MJI ULIOJENGWA KWA NGAZI

Historia ya Likasi yenyewe yafundisha. Zamani za Wabelgiji mji huo uliitwa Jadotville, na jina hilo likaondolewa mwaka 1966. Kampuni ya Union Minière ilijenga viwanda vya Shituru na makambi ya wafanyakazi wa Panda na mahali pengine. Mwaka 1967 mali ya kampuni hiyo ikatwaliwa na Serikali, na baadaye ikajulikana kwa jina la Gécamines. Katika utaratibu wa kampuni nyumba ilifuata cheo. Mkubwa alikaa kwenye nyumba ya wakubwa, msimamizi kwenye yake, mfanyakazi wa mikono kwenye yake. Ilikuwa rahisi kujua daraja la mtu kwa kuutazama mlango wake tu, na watoto walikua wakizihesabu ngazi hizo kabla ya kujua kusoma.

Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Mwaka 1994 haikufikia hata tani 50,000. Mishahara ikachelewa miezi na miezi. Mwenye cheo na asiye na cheo wakashika jembe, wakalima mahindi na mihogo ili watoto wale. Kuanzia mwaka 2003 wafanyakazi wapatao 10,000 wa kampuni waliondoka kazini kwa malipo ya mara moja. Ngazi iliyopimia watu ikaanguka. Waliokuwa wameiweka thamani yao yote juu ya ngazi hiyo wakaanguka pamoja nayo.

Mji huo umeona jambo la kutisha zaidi. Mwaka 1992 na 1993 watu wengi wenye asili ya Kasai, hata waliozaliwa Likasi, walifukuzwa katika nyumba zao. Walilala penye stesheni ya gari la moshi na katika majengo ya shule, wakingoja magari ya kuwapeleka nchi ambayo wengine wao hawakuiona kamwe. Siasa ilikuwa na sehemu kubwa katika uovu huo. Lakini siasa iliwasha moto penye kuni zilizokwisha kukauka, ndiyo maneno ya miaka mingi ya kuhesabu nani amepewa kazi, nani amesoma, nani anakaa nyumba nzuri. Kujilinganisha ambako kulianza kama mazungumzo ya jioni kuliishia njiani, akina mama wakiwa na mizigo kichwani. Mkristo asiseme basi kwamba hili ni jambo dogo la watoto wa shule.

III. KULINGANISHA, KIJICHO, NA NJAA YA HAKI

Hata hivyo lazima kupambanua. Mungu amempa mtu macho ya kuona tofauti. Mkulima hulinganisha mbegu kabla ya kupanda, mama hulinganisha bei sokoni, mwanafunzi huangalia jinsi mwenzake alivyoipata hesabu iliyomshinda yeye. Katika hayo hamna dhambi. Ndiyo njia ya kujifunza. Na alama za shule hazina kosa zikipokewa kwa haki yake. Mwuguzi atakayepima dawa ya mgonjwa yampasa kujua hesabu kweli, na mwalimu asiyemwambia ukweli amdanganya yeye na wagonjwa wake. Alama zaeleza mtu ajua nini leo. Haziwezi kueleza mtu huyo ni nani.

Kosa laanza mema ya mwingine yanapogeuka kuwa maumivu. Mtakatifu Thoma wa Akwino, aliyekufa mwaka 1274, alifundisha kwamba kijicho ni huzuni juu ya mema ya jirani, mtu akiyaona kuwa yampunguzia sifa yake mwenyewe. Kanisa lakihesabu kijicho kati ya mizizi saba ya dhambi. Nacho ni mzizi wa ajabu. Mlafi aonja walau chakula, na bahili aona walau fedha yake. Mwenye kijicho haonji kitu. Anakula uchungu tu, nao haumshibishi.

Maandiko Matakatifu yaonyesha mwisho wake. Kaini aliona sadaka ya ndugu yake imependeza kuliko yake, na uso wake ukakunjamana. Mungu alimwonya mapema, wakati kosa lilikuwa bado huzuni tu. Hakusikia, na shamba likanywa damu ya Abeli. Mfalme Sauli alirudi kutoka vitani ameshinda, kiti cha ufalme ni chake, watu wamshangilia. Lakini wanawake walipoimba na kumpa Daudi maelfu mengi kuliko yake, furaha yake ilikwisha siku hiyo, asiipate tena. Sauli hakupungukiwa na kitu chochote isipokuwa hesabu ya wimbo.

Wala wa kwanza hana usalama. Farisayo wa Injili alisimama hekaluni akajipima kwa mtoza ushuru aliyekuwa nyuma yake, akajiona mrefu. Alirudi nyumbani bila kuhesabiwa haki, naye mtoza ushuru akarudi na amani. Mwanafunzi wa kwanza ajipimaye hivyo huishi kwa hofu: kila mwenzake ajifunzapo vizuri, yeye huona mwizi anakaribia.

Yako machungu mengine ambayo yasichanganywe na kijicho. Tangu mwaka 2019 Serikali ya Kongo imeamuru elimu ya msingi katika shule zake itolewe bure, lakini sekondari bado hulipiwa. Mwanafunzi arudishwaye nyumbani kwa sababu ada haijatimia, huku mwenzake abaki darasani, ana uchungu wa haki. Hakuna katekista awezaye kumwambia kwamba ametenda dhambi. Namna ya kupambanua ni hii: mwenye njaa ya haki ataka wote wawili waketi darasani, mwenye kijicho ataka aliyeketi atolewe nje naye. Kila mtu na aulize moyo wake, mwenzake akianguka kesho, yeye atapata faida gani? Ikiwa hana faida na bado afurahi, basi ameugundua ugonjwa wake.

IV. SUBANA NA BILAURI

Wengine watasema: “Lakini Mungu mwenyewe hakuwapa watu sawasawa. Mmoja ana akili nyepesi, mwingine nzito. Je, ni haki?” Swali hilo liliwahi kumsumbua mtoto mmoja wa Ufaransa, ambaye baadaye alikuwa Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yezu, aliyekufa mwaka 1897. Alishangaa kuona kwamba mbinguni watakatifu hawatakuwa na utukufu uleule, akawaonea huruma wadogo. Dada yake Paulina alimwagiza alete bilauri kubwa ya baba yao, akaweka kando yake subana, yaani kile kikofia kidogo cha kulinda kidole wakati wa kushona. Akajaza maji yote mawili mpaka ukingoni, akamwuliza kipi kimejaa zaidi. Mtoto akaona kwamba hakuna hata kimoja kiwezacho kupokea tone lingine. Akaelewa, akatulia.

Mfano wa talanta katika Injili ya Mateo wasema vilevile. Bwana aliwapa watumishi wake talanta tano, mbili na moja. Wa tano alileta tano zaidi, wa mbili akaleta mbili zaidi. Wenye kusoma kwa haraka hawaoni jambo moja: sifa aliyopewa wa mbili ni ileile aliyopewa wa tano, neno kwa neno, wala haikupunguzwa. Bwana hakumwuliza wa mbili kwa nini hakuleta tano. Na wa tatu hakuadhibiwa kwa kuwa na talanta moja tu. Aliadhibiwa kwa sababu aliogopa, akaifukia. Yule kijana ajuaye jibu na asinyoshe mkono kwa aibu, ameanza kuchimba shimo lilelile.

Petro naye alijaribiwa baada ya Ufufuko, kando ya ziwa. Yezu alikuwa amekwisha kumkabidhi kondoo wake na kumwonyesha atakufa kifo gani. Mara Petro akageuka, akamwona mwanafunzi mwingine, akauliza huyo je. Bwana alimjibu kwamba habari za huyo hazimhusu, yeye amfuate tu. Aliyekabidhiwa kundi lote la Kristu alihitaji onyo hilo. Mwanafunzi wa Likasi asione haya kulihitaji pia.

Nchi ya Kongo yenyewe ina mfano. Mwenye heri Anuarite, aliyezaliwa Wamba mwaka 1939, alikuwa na jina lake mwenyewe, Nengapeta. Yasimuliwa kwamba alipoandikishwa shuleni, kwa kosa aliandikiwa jina la dada yake, Anuarite, na jina hilo likamfuata maisha yake yote. Aliuawa Isiro tarehe 1 Desemba 1964 kwa kulinda usafi wake, na tarehe 15 Agosti 1985 Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza mwenye heri mjini Kinshasa. Daftari la shule lilimchanganya na mwingine. Mungu hakumchanganya.

V. MAMBO YA KUTENDA

Wazazi waanze. Mtoto afikapo nyumbani, swali la kwanza liwe: “Umejifunza nini?” Kisha ndipo waulize habari za nafasi yake. Wasimwambie kamwe: “Mtazame ndugu yako.” Neno hilo hujeruhi watoto wawili kwa pigo moja: huyu hujidharau, na yule huchukiwa nyumbani mwake. Vidole vya mkono havilingani, na bado jembe hushikwa na vyote.

Mwanafunzi ajipime kwa nafsi yake ya jana. Achukue daftari la mwanzo wa mwaka na la sasa, aone. Ikiwa hajaendelea kwa uvivu, akubali kosa na kutengeneza. Ikiwa ameendelea, amshukuru Mungu, hata kama wenzake wamekwenda mbele zaidi. Aliyemshinda amfanye mwalimu wake, amwombe amweleze somo. Kisha amsifu mbele ya wengine kwa maneno ya kweli, na kumwombea kwa jina lake katika sala ya jioni. Mwanzoni maneno hukwama kooni. Yakizoelewa, ni dawa kali ya kijicho. Na aonapo katika simu picha za jamaa wa Lubumbashi au wa Ulaya, wamevaa vizuri na kucheka, akumbuke kwamba hakuna apigaye picha ya deni lake.

Huzuni ikikaa majuma mengi, mtoto akijitenga, akiacha kula, au akisema kwamba ni heri afe, wazazi wasimkemee wala wasimwache peke yake. Wampeleke upesi kwa mwuguzi au daktari, na padri ajulishwe pia. Kuomba msaada si aibu, wala si ukosefu wa imani.

Katekista naye ajihadhari. Katika darasa la wakatekumeni kijana aliyesoma hushika sala kwa siku tatu, na mama mzee asiyejua herufi hushindana nazo miezi mitatu. Akichekwa mara mbili, mara ya tatu hatarudi. Na nani atajibu mbele ya Mungu kwa ajili yake? Heri kijana yule aketi karibu na mama, amrudie sala polepole. Ndipo yeye naye ataelewa kwa nini alipewa akili nyepesi.

Siku ya Ubatizo itafika. Siku hiyo hatasomwa wa kwanza wala wa thelathini. Kila mmoja ataitwa kwa jina lake, atakwenda kisimani, na maji yaleyale yatamwagwa juu ya kichwa cha kijana na cha mama mzee. Na jina lililoandikwa katika kitabu cha Ubatizo halina nambari ya cheo kando yake.

MASWALI NA MAJIBU

Je, kujilinganisha na wengine ni dhambi?
Si dhambi, mtu akifanya hivyo ili ajifunze. Huwa dhambi mtu akikubali kuhuzunika kwa mema ya jirani au kumdharau aliye nyuma yake.

Kijicho ni nini?
Ni huzuni juu ya mema ya mwingine. Ni mmoja wa mizizi saba ya dhambi.

Aliyenyimwa haki yake akilia, ana kijicho?
Hana, iwapo ataka haki kwa wote wala hamtakii mwenzake hasara.

Kwa nini mtumishi wa talanta moja aliadhibiwa?
Kwa sababu aliifukia kwa hofu, wala hakuitumia.

Mwanafunzi aliyepitwa afanye nini?
Ajipime kwa kazi yake mwenyewe, ajifunze kwa aliyempita, amwombee, na asiufukie uwezo aliopewa.

AZIMIO LA JUMA HILI: Kila mkatekumeni amchague mtu mmoja ambaye mafanikio yake yalimchoma moyo, amtaje mbele ya Mungu kila jioni, na kabla ya Jumapili amwambie neno moja la sifa lililo la kweli.